Kisima Chini ya Chumba cha Sunaina

Mchana, wanaume wakiwa viwandani na watoto shuleni, Bhateri alikuwa akiisikia ndoo. Iligonga ukuta huko chini, ko, kikapita kimya kirefu, kisha ikagonga tena, kama ndoo ya mwanamke aliyechoka kuvuta kamba. Sauti ilitoka chini ya sakafu ya chumba cha mwisho, chumba alichopanga Sunaina. Bhateri alijua kilichokuwa chini ya sakafu ile. Kulikuwa na kisima.

"Mama, hilo bomba la jirani," mwanawe Jagbir alimwambia. "Mabomba ya siku hizi yana kikohozi."

"Bomba halipumziki, mwanangu. Huyu anapumzika."

"Huyu nani?"

Bhateri amtaje nani? Wanawake aliovuta nao maji walikwisha kufa na kuchomwa wote kando ya mto Hindon, mmoja baada ya mwingine, na majivu yao yakaenda na maji.

Bhateri alikuja kijiji cha Sikhaula akiwa bibi harusi, ushungi umeshuka hadi kidevuni, na kitu cha kwanza alichokiona cha kijiji kile kupitia upenyo wa nguo kilikuwa mdomo wa kisima hiki. Zama hizo miwa na haradali vilifika mpaka mtoni, na mji wa Ghaziabad ulikuwa moshi tu kwa mbali, mahali ambapo watu walikwenda kununua vyuma vya jembe na kurudi wakiwa na vumbi la kusimulia. Wazazi wake, waliochoka kupata mabinti, walikuwa wamempa jina lenye maana kwamba sasa wametosha. Naye mtoto wake wa kwanza akawa binti.

Wifi zake waliojifungua wavulana walipelekwa kisimani kwa nyimbo. Ndiyo ilikuwa desturi: mama wa mtoto mchanga hagusi kazi wala hatoki nje mpaka aende na mtungi kichwani, aweke ngano na sukari guru ukingoni, apige alama za manjano kwenye jiwe, na kisima kimpokee yeye na mwanawe. Bhateri hakupelekwa. Siku zake zilipokwisha aliambiwa achukue ndoo akavute maji, basi. Alikwenda peke yake alfajiri, kama mtu aliyefunguliwa jela kwa mlango wa nyuma. Yule binti hakufikisha mwaka. Baadaye akazaliwa Jagbir, na nyimbo zikaimbwa hadi watu wakakauka koo, lakini Bhateri, aliyekuwa amebeba mtungi na kucheka na wenzake, alikuwa akijiuliza kama kisima kingemjua yule wa kwanza.

Kisha mji ukaja. Haukubisha hodi wala haukumuuliza mtu. Kwanza serikali ilichukua mashamba ya upande wa barabara, halafu viwanda vikachukua yaliyobaki, na wanaume wa Sikhaula, waliokuwa wakulima tangu babu wa babu, wakajikuta wana fedha mkononi na hawana pa kuingiza jembe. Wakapanda kitu kingine. Wakapanda vyumba. Kutoka mashariki, kutoka Bihar na Gorakhpur, watu walishuka kwenye treni na mabunda vichwani, kila mwaka wengi kuliko mwaka uliopita, nao walihitaji pa kulala. Kijiji kikawa mtaa, mtaa ukamezwa na mji, mji ukashikana na mji mwingine, na leo ungeweza kutoka mlangoni kwa Bhateri ukatembea mpaka Delhi bila kukanyaga udongo. Wanaotawala waliita jambo hili maendeleo. Hawakusema maendeleo ya nani, na wala hawakuja kulala katika vyumba vile.

Baba mkwe wake, mzee Ratiram, ndiye aliyejenga vyumba vya kwanza. Kisima kilikuwa ndani ya kiwanja. Mafundi wakamwambia akijaze kifusi, naye akakasirika.

"Kisima hakiuawi," alisema. "Kimewanyonyesha baba zangu. Kinafunikwa, kinalala."

Wakaleta mabamba makubwa ya mawe, wakayalaza juu ya mdomo wake, Ratiram akawasha udi na kuinamisha kichwa, kisha wakamwaga zege na kusimamisha ukuta. Hakuwa peke yake. Wazee wote wa Sikhaula wenye visima walifanya vilevile, kwa heshima ileile. Hakuna aliyetaka dhambi ya kuua maji.

Juu ya kisima kilicholala kikapanda chumba, juu ya chumba kingine, mpaka nyumba ikawa na ghorofa nne na watu wengi kuliko waliokaa kijiji kizima siku Bhateri alipoolewa. Na sasa Jagbir alikuwa ameshusha matofali na nondo mlangoni. Alitaka ghorofa ya tano kabla ya mvua.

*

Sunaina alikuwa mwanamke wa Chhapra, huko Bihar, mwembamba, mwenye mdomo usiochoka. Mume wake alifanya kazi kiwanda cha rangi. Yeye alishona vifungo nyumbani, watoto wake wawili wakicheza sakafuni, juu ya mabamba ya Ratiram, bila kujua.

"Bibi, mlango umegoma tena," alimwambia Bhateri siku moja, akiusukuma kwa bega. "Mwezi uliopita ulifunga vizuri. Sasa unanifanyia kama mume aliyelewa, haingii wala hatoki."

"Umenenepa wewe."

"Kwa chapati zipi? Kwa kodi ya mwanao?"

Bhateri alicheka, lakini macho yake yalikuwa sakafuni. Ufa ulikuwa umetoka kona ya mlango ukapita katikati ya chumba, mwembamba kama unywele. Akainama, akauwekea sikio. Sunaina akaacha sindano.

"Unasikiliza nini, bibi?"

"Wewe husikii kitu humu?"

Mwanamke yule akatazama watoto wake kwanza. "Nasikia," alisema polepole. "Mume wangu anasema ni panya. Mimi nimewahi kuishi na panya. Panya hagongi."

Jioni ile Bhateri alimfuata Jagbir alikokuwa amekaa na kiko chake cha maji. "Mtoe Sunaina chumba kile," alimwambia. "Na usijenge."

"Kwa sababu gani?"

"Kisima hakijalala."

Jagbir akapuliza moshi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hesabu ya nondo kichwani. "Mama, kila nyumba mtaa huu imekaa juu ya kisima. Ya Dharamvir, ya Omi, ya kina Nawab. Zote zimesimama. Na watu wanazidi kuja, kila siku wananiuliza chumba. Nikiwaambia mama yangu anasikia ndoo, watatupeleka Agra, hospitali ya vichaa, mimi na wewe."

"Maji yalikuwa karibu, zamani. Ulikuwa ukichungulia unajiona uso. Sasa wewe mwenyewe umechimba pampu mara ngapi? Kila mwaka unazidi kwenda chini. Basi kile kisima kina nini ndani?"

"Kina kiza," alisema Jagbir. "Na kiza hakidai kodi. Nenda kalale."

Lilikuwa swali jema, na Bhateri mwenyewe hakulifuata mpaka mwisho. Akilini mwake kisima kilikuwa na wanawake. Alidhani wanadai kitu.

*

Mjukuu wake, mtoto wa Jagbir, alikuwa na mke aitwaye Kusum, na mwezi huo Kusum akajifungua. Binti. Majirani walikuja kutazama wakisema maneno ya pole yaliyovishwa nguo za pongezi.

"Mungu akijalia, atamvutia kaka yake," alisema mke wa Dharamvir, jirani wa upande wa pili.

"Huyu amekuja mwenyewe," Bhateri akamjibu. "Hakuja kuvuta mtu. Na Jumapili tunampeleka kisimani."

Siku hizi hata kwa mvulana watu waliinamia pampu ya umeme iliyofungwa uzi mwekundu, wakarudi ndani kula.

"Kwa binti, shoga?"

"Kwa binti."

"Na kisima utakipata wapi? Labda utachora."

"Nakijua kilipo."

Jagbir alipopata habari alikuja juu kwa hasira. Watu watatucheka, alisema. Na chumba kina mpangaji. Na mafundi wanaanza Jumatatu. Kusum alikuwa akinyonyesha, ushungi umemwangukia begani, naye kwa kawaida hakusema mbele ya baba mkwe. Safari hii alisema, bila kuinua macho.

"Baba, mimi nitakwenda. Bibi hakupelekwa na binti yake wa kwanza."

Jagbir akamtazama mama yake. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia jambo hilo, ingawa mtoto yule angekuwa dada yake. Akageuka akashuka ngazi.

Jumapili wanawake wakajaa ujia mzima, wenyeji na wapangaji, wengine kwa upendo, wengine ili wapate cha kusema. Wa Bihar waliimba zao, wa Sikhaula wakaimba zao, nyimbo zikagongana na kucheka. Kusum alitangulia na mtungi kichwani, mtoto kifuani mwa Bhateri. Sunaina alikuwa amevitoa vitu vyake nje na kufagia sakafu hadi ikang'aa.

"Karibuni hekaluni kwangu," alisema. "Viatu nje. Kodi mlangoni."

Wanawake wakaangua kicheko. Kusum akapiga magoti ufa ulipopita, akatia vidole kwenye manjano, akagusa sakafu alama saba. Akaweka ngano. Akaweka sukari guru. Kisha, kama inavyotakiwa, akashusha mtungi na kuyamwaga maji.

Maji hayakutambaa. Yaliinama kuelekea kwenye ufa, yakaingia, yakaisha yote, mtungi mzima, na ngano ikayafuata. Wimbo ukapungua, sauti moja moja, mpaka ikabaki ya mwanamke mmoja mlangoni asiyeweza kuona kilichotokea, naye akanyamaza. Wakasubiri. Hakuna aliyewaambia wasubiri. Huko chini, mbali kuliko alivyodhani mtu yeyote, maji yalianguka juu ya kitu kikavu.

Kisha ikaja ile sauti. Ko. Na safari hii haikupumzika. Ilifuatwa na mporomoko, mzito, wa vitu vingi kuangukiana, na upepo wa baridi wenye harufu ya udongo wa kale ukapuliza kupitia ufa na kumgusa mtoto usoni.

Bhateri akaelewa. Hakukuwa na ndoo. Ukuta wa kisima, uliokaa na maji miaka yote ukishikwa nayo, ulikuwa umebaki mkavu, na matofali yake yalikuwa yakichomoka, moja leo, moja kesho. Wenzake hawakuwa wakidai kitu. Au walikuwa wakiwaonya. Hilo hakuliamua siku ile wala baadaye.

"Tokeni," alisema. "Taratibu. Sunaina, watoto wako wako wapi?"

"Nje, bibi."

"Usiwarudishe humu."

Jagbir alikuwa mlangoni. Alitazama alama za manjano, akatazama dari, na juu ya dari, kwa akili, ghorofa nne na watu wake wote waliokuwa wakipika chakula cha Jumapili. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeamshwa kwa kofi.

"Bomba la jirani," mama yake akamwambia, si kwa ubaya.

*

Watu walitolewa mchana ule. Sunaina na watoto wake wakalala sebuleni kwa Jagbir, katika jengo la mbele ya kiwanja, chini ya picha ya Ratiram. Mafundi waliokuja Jumatatu kupandisha nyumba wakavunja sakafu badala yake. Mabamba yalipoinuliwa, kila mtu aliona: upande mmoja wa kisima ulikuwa umeanguka hadi udongoni, na nguzo ya kona, iliyobeba nyumba nzima, nusu ya unyayo wake ilikuwa imekanyaga hewa.

"Tukijaze leo," alisema fundi mkuu. "Mawe, kifusi, zege. Matofali haya ya ghorofa pia yaingie."

Jagbir hakuweza kutoa amri. Alisimama na kumtazama mama yake, kama alivyokuwa akimtazama utotoni akitaka ruhusa ya kwenda mtoni, maana maneno ya babu yalikuwa bado nyumbani mle: kisima hakiuawi.

Bhateri akasogea ukingoni. Kwa mara ya kwanza tangu ujana alichungulia, akatafuta uso wake huko chini, hakuuona. Akamtaja binti yake, kwa sauti ndogo, jina ambalo hakuna aliyebaki wa kulijua. Kisha akainama, akachota udongo kwa mikono miwili, akautupa.

"Jazeni," alisema. "Juu wanaishi watu."

Kazi ilikwisha jua likiwa bado juu, na nguzo ikafungwa kwa chuma na zege jipya. Ghorofa ya tano haikujengwa. Kwa siku kadhaa Bhateri alikaa kwenye kitanda chake cha kamba ujiani, akisikiliza. Hapakuwa na kitu. Kimya kile kilimlemea kuliko ndoo.

Ndipo mchana mmoja, akitoka kununua kitunguu, alipita mbele ya nyumba ya Dharamvir, ghorofa sita, nguo za wapangaji zimening'inia kila dirisha. Akasimama. Alikumbuka kisima chao: kilikuwa na mti wa mwarobaini pembeni na maji matamu kuliko ya kwao. Akaweka kiganja ukutani.

Ko.

Akabisha geti. Mke wa Dharamvir akatoa kichwa, unga mikononi. "Vipi tena, shoga? Mwanamke gani kajifungua?"

"Hakuna," alisema Bhateri. "Niambie. Chumba chenu cha nyuma, pale palipokuwa na mwarobaini. Anakaa nani?"