Joto la Hewa ya Rughenda

Siku hizi mzani wa Rughenda, uwanja wa ndege wa Butembo, umenyamaza. Abiria anapanda na mzigo wake, karani anatazama sindano, anaandika, basi. Zamani kilo zilitajwa kwa sauti, na akina mama waliojifunga vitenge vinne ili kupunguza uzito wa sanduku walificha nyuso wakicheka, kwa maana Kavira Maliro, karani wa wakati ule, alisoma kila namba kama mwalimu anayeita majina darasani.

Alifika Butembo na mama yake, Mariette, walipoikimbia vita na kuyaacha mashamba ya Mbau, kakao ikiwa bado mitini. Alisoma fizikia, akapata diploma. Kazi aliyoipata ilikuwa mzani.

Saa sita mchana, siku moja, alikataa magunia matatu ya mfanyabiashara Kasonia.

"Eleza, mademoiselle," Kasonia alisema mbele ya wote. "Asubui ndeke ileile ilibeba magunia yangu sita. Sasa inakataa. Maharagi inanenepa na jua?"

Watu walicheka.

"Ni pilote alisema, papa."

"Pilote alisema. Na weye, unasema nini?"

Kavira alijua kwamba hewa ya moto ni nyepesi. Lakini nyepesi kiasi gani, hapa juu ya milima, saa hii? Hakuna aliyewahi kupima. Swali lile lilimfuata hadi nyumbani na halikutoka tena.

Aliandikia chuo kimoja huko Moroko kinachofundisha uhandisi wa anga. Alitaka kufanya masta juu ya jambo hilo moja: mzigo ambao ndege ndogo inaweza kuinua Rughenda, saa baada ya saa. Profesa mmoja alijibu: niletee joto la miezi sita, nami nitakutetea upate nafasi. Mlango wa maombi ungefungwa mwisho wa Agosti.

Mjomba wake Mathe, muuguzi wa Beni, alimpa thermoflash, ile mashine ya kupima homa iliyoelekezwa kwenye paji la uso la kila mmoja wetu wakati wa Ebola. Miezi mitatu, asubuhi na mchana, Kavira aliielekeza chini, kwenye njia ya kurukia. Kisha akatuma namba zake za kwanza.

Jibu lilikuja mwishoni mwa Februari. Umepima udongo, profesa aliandika. Ndege haipandi juu ya udongo.

Mariette alimkuta akifuta kurasa za daftari kwa mistari ya kalamu, moja baada ya nyingine.

"Miezi tatu yote ni ya bule?"

"Haiko ya bule, mama. Nimejua joto ya udongo. Sasa natafuta ya hewa."

"Na siku zinatosha?"

"Zinatosha kama sitapoteza hata moja."

Alinunua kipimajoto cha kioo. Akamwomba seremala sanduku la mbao lenye nafasi za kupitisha upepo, akaliinua juu ya mguu mmoja, kivulini mwake kipimajoto kikining'inia. Kasonia alisimama akalitazama.

"Kavira, unachunga nyuki sasa?"

"Ndiyo, papa. Asali ikitoka nitakuita."

Siku za ville morte, maduka yalipofungwa kwa mgomo na pikipiki zote zikabaki nyumbani, alikwenda kwa miguu. Alikwenda na mvua. Alikwenda na malaria, amejifunika blanketi, Mariette nyuma yake amebeba kalamu na daftari.

Mwezi wa nane, saa sita mchana, Kasonia alileta tena magunia sita. Kavira akamkatalia matatu.

"Pilote alisema?"

"Hapana pilote. Asubui hewa iko nzito, bawa linapata kitu ya kukanyaga. Sasa joto imepanda digrii kumi. Bawa linakanyaga, linakosa. Ndeke itataka njia ndefu, na njia yetu inaishia kwa bonde." Akamfungulia daftari. "Ni miye nasema."

Kasonia alisoma kwa muda mrefu, kidole kikishuka ukurasa. Kisha akashusha magunia matatu, yeye mwenyewe.

Namba zilitumwa siku mbili kabla ya mlango kufungwa. Sanduku lingali pale, na Mariette ndiye anayelifungua asubuhi na mchana na kuandika joto.

Kavira yuko Moroko, mwaka wa pili wa masta.