Mashine Arobaini za Kiwanda cha Viatu

Mawakili wenzake humwita Mzika Kampuni, kwa kuwa kwa miaka ishirini na sita kazi yake ni kampuni zilizofilisika. Mimi ni karani wake, na jina hilo linanichefua. Anayeziua kampuni huitwa Mkurugenzi na hufunguliwa mlango wa gari.

Mkurugenzi wa kiwanda cha viatu aliwaacha wafanyakazi wakidai mishahara ya miezi saba, akavusha mashine arobaini hadi ghala la mkwewe ng'ambo ya mpaka, namba zilizogongwa kwenye chuma zote zimesagwa. Mali nyingine haikuwepo. Wakili akaapa kwamba zitauzwa na watu walipwe jasho lao.

Tulikwenda na mshonaji mmoja mtu mzima, ambaye kiwanda kizima kilimwita Shangazi. Washonaji wale hufunga kipande cha ngozi kwenye mpini wa mashine usiwachubue, kila mmoja kwa fundo lake. Shangazi akapita ghalani, hakimu wa kule nyuma yake.

"Hii yangu. Hii ya wifi yangu. Hii ya yule mama mapacha."

Hakimu akatosheka, akaamuru mashine zirudi.

Wakili hakutosheka. Mkurugenzi alikuwa pale anachokonoa meno, anacheka. Hasira zikampanda wakili, akatoa daftari la fundi mitambo, lililoandika namba ya kila mashine kando ya jina la mshonaji wake, na kuzisoma kwa sauti, zote arobaini, mpaka yule bwana akainamisha kichwa. Nami nikapiga makofi, mjinga mkubwa.

Benki ilikuwa na rehani juu ya mashine zile, imeandikwa kwa namba. Bila namba, benki isingeweza kuonyesha ipi ni yake, na wafanyakazi wangelipwa kwanza. Wakili alilijua hilo. Nami nililijua, hati ilikuwa ndani ya faili nililolibeba mwenyewe. Siku ile ghalani wakili wa benki alikaa pembeni ananakili, wala hakuhitaji kufungua mdomo.

Juzi tuliwakuta wafanyakazi kwenye ukumbi wa kiwanda. Wakili hakuzunguka mbuyu.

"Benki imechukua zote. Kosa ni langu."

Shangazi akasimama. "Mimi si nilizitambua?"

"Ulizitambua."

"Na hakimu akakubali?"

"Alikubali, Shangazi."

"Basi, mwanangu, zile namba ulikuwa unamsomea nani?"