Udongo Usiotaka Samadi

Watu walimwita Reki, na jina likamkaa. Miaka ishirini na miwili amefyeka nyasi za kilima cha mawe ya chokaa, pale penye matangi ya maji ya mji, na akishafyeka hushika reki, akakusanya kila unyasi na kuutupa ng'ambo ya uzio. Hasazi hata konzi moja. Wapita njia humcheka: majani yakioza si ndiyo mbolea? Naye huwajibu, "Hiyo mbolea ndiyo siitaki."

Wakasema zimempungua. Kumbe mwalimu mmoja wa mimea alimfundisha zamani kwamba udongo wa kilima kile ni kiganja tu juu ya mwamba, tena fukara, na ufukara huo ndio unaoyapa nafasi maua madogo ambayo kwenye rutuba yangemezwa na nyasi ndefu. Lipo ua moja la zambarau, fupi kama kidole gumba, na kipepeo mdogo wa buluu hutaga mayai yake juu ya hilo tu, hataki lingine. Maskini jeuri, kilima kile! Reki alikipenda mno, hata mkewe akawa anamtania, "Laiti ningekuwa nyasi, nami ningechanwa."

Mwaka huo wakubwa wakataka kukisawazisha wapate pa kuegesha magari ya maji. Bibi mkaguzi wa mazingira akasema atakuja Jumatatu: akiyakuta maua ya zambarau yamechanua, kilima kitahifadhiwa, asipoyakuta, greda lipite. Reki aliisimulia habari hiyo nyumbani wakila.

Shemeji yake alikuwepo. Huyu ni kaka wa mkewe, mkulima wa kabichi, na kabichi yake moja hubebwa kwa mikono miwili. Tangu siku ya ndoa hakuficha kwamba dada yake alistahili zaidi ya mkata majani. Ila siku ile alimwona Reki ameinamia sahani, akamwonea huruma. Alhamisi asubuhi Reki akafika kazini, akamkuta shemeji amesimama kilimani na toroli, jasho linamtiririka, tabasamu sikio kwa sikio.

"Toroli sita, shemeji! Samadi ya kuku, mbichi kabisa. Jumatatu utaona maua hapa!"

Reki akashika kichwa. "Mungu wangu, umeniua!"

"Shukrani ya punda ni mateke! Nimeamka saa kumi kwa ajili yako. Wema hauozi, bwana."

"Wema hauozi, lakini samadi yako imeoza! Hiyo itaunguza machipukizi yote, na mwakani nyasi ndefu zimalize kilichobaki. Kilima hiki kinaishi kwa njaa, shemeji. Ukikishibisha unakiua."

Shemeji akatazama juu. Wingu zito lilikuwa limeshajikusanya; mvua ikinyesha, samadi ingezama ardhini na hapangekuwa na la kufanya. Uso ukamshuka. Usilolijua, jamani, ni usiku wa giza.

Mke wa Reki akaitwa, akaja na kila kilichokuwamo jikoni. Sepetu haikufaa, ingeng'oa mimea, kwa hiyo wakapiga magoti wote watatu wakazoa samadi na kuitia maguniani kwa vijiko vya kulia. Vijiko vya kulia! Mwanamke akacheka mpaka akakaa chini. "Hivi havirudi mezani kwangu," akasema, "labda akija wifi." Hata kaka yake akacheka, na wifi huyo ni mkewe.

Kufika saa sita shemeji akaacha kuzoa ghafla. Alikuwa ameinama, pua karibu inagusa ardhi.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho."

"Kidogo namna hii?"

Reki akaitikia kwa kichwa. Shemeji akavuta ncha ya shati lake iliyokuwa bado safi, akakifuta kichipukizi kile jani baada ya jani, kisha akasogea kwenye kingine, akafuta. Tone la kwanza la mvua liliwakuta wanafunga gunia la mwisho, wakakimbilia chini ya tangi wakinuka kama banda la kuku, na furaha yao huwezi kuieleza.

Jumatatu kilima kilikuwa zambarau. Bibi mkaguzi alitambaa na daftari akihesabu, vipepeo wa buluu wakimpita masikioni, hata mwenyewe akasahau kuhesabu akabaki anatazama tu. Halafu akasimama, akapangusa magoti, akasema greda halitapita hapa. Akauliza, "Mtaalamu wenu hapa ni nani?"

Reki akageuka kumtafuta mtaalamu. Shemeji akamshika bega, akamsukuma mbele. "Ni huyu shemeji yangu, mama," akasema. "Mimi ni kibarua wake."