Mzinga wa Mzee na Kalamu za Mjukuu

Mjukuu wangu wa kike anakereza kalamu. Wenzangu hapa Kiambere, kwetu Mbeere, wana wajukuu wa benki na wa ofisini, sawa, lakini kalamu nzuri za hao wakubwa nani anazitengeneza? Wangu. Anafunga kipande cha mti kwenye mashine ya karakana moja kule Embu, kinazunguka mpaka macho yanashindwa kukishika, anakigusa na patasi, maganda yanaruka. Ncha anaikereza kwa shaba ya mifereji ya maji iliyoharibika.

Mimi niliacha shule darasa la pili, lakini miti naijua. Siku moja alikuja nyumbani amenuna, nikamwambia aseme. Akasema kalamu zake zinapasuka. Akishaingiza mrija wa shaba ndani ya mti, siku mbili tatu mti unafunguka kama ganda la maharagwe. Mwenye karakana alikuwa amemwonya: ikipasuka moja tena, mashine anapewa mtu mwingine.

Nikauliza mti umekauka muda gani. Wiki mbili, juani. Nilicheka mpaka akakasirika. Jua linakausha ngozi tu, ndani mti bado una maji.

Mti mkavu kweli pale nyumbani ulikuwa mmoja: mzinga wa babu yake, mume wangu. Gogo la muringa, alilichimba kabla mama wa huyu msichana hajazaliwa. Nyuki walipohama aliuweka juu ya meko yangu, ukala moshi miaka yote hiyo. Lakini kwetu mzinga ni wa mwanamume. Mwanamke haupandii, haufungui, haupasui. Hata kuufuta vumbi nilikuwa naomba.

Nilimfuata mzee uani nikamwambia bila kuzungukazunguka kwamba mzinga wake utakuwa kalamu, la sivyo siku kuni zikiisha nitaupikia githeri.  Akauliza:

"Ni msichana atakayeukata?"

"Ndiye."

"Basi shoka la kwanza ni langu."

Akaupasua mwenyewe, pole pole, akampa mjukuu vipande mkononi kimoja kimoja. Tukadhani amemaliza. Akasema mzinga wake hauendi mjini peke yake, akavaa koti la kanisani, tukaenda Embu sisi watatu.

Patasi ilipogusa ule muringa, karakana nzima ilinuka asali. Asali ya nyuki waliohama zamani! Mzee akavua kofia. Msichana hakuinua macho, mkono wake umetulia kama wa mama anayemnyoa mtoto. Mwenye karakana alikuwa amesimama nyuma yake, amefunga mikono. Shaba ilipoingia, aliichukua kalamu akaiweka dirishani penye jua kali, akasema ikae hapo wiki moja tuone. Tukarudi nyumbani.

Wiki ilipoisha mjukuu alipiga simu nikiwa nakoroga uji.

"Cucu, haijapasuka hata kidogo. Mashine nimebaki nayo."

Nikauliza, na mwenye karakana amesemaje? Akaniambia anataka kujua muringa kama ule unauzwa wapi, anunue.

Mzee alininyang'anya simu.

"Mwambie hauuzwi," akasema. "Mwambie mzinga ni wako."

Mzinga, kwa msichana. Mimi nimezaliwa na kuzeekea hapa Mbeere na sijawahi kusikia mwanamume akitamka hivyo. Nilimjazia mzee bakuli la uji mpaka ukamwagika.