Kobe wa Mwanangu

Mwanangu alizaliwa na kifua kibovu. Tulikuwa tunakaa kota za mashamba ya miwa, chini huku tambarare, ambako wazazi wangu walifika kutoka Singida kutafuta kazi ya kukata miwa na hawakurudi tena. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Yeye ni mtu wa mlimani, Mchagga wa Old Moshi, na alipotaka kunioa mama yake alimwuliza kama wasichana wa kwao walikuwa wamekwisha.

Majivu ya miwa yanayochomwa kabla ya kukatwa yalikuwa yakituangukia kila msimu, juu ya nguo zilizoanikwa na ndani ya masufuria. Mtoto alikuwa akipumua kwa mluzi. Daktari wa hospitali ya mjini alituambia ni pumu, tumwepushe na vumbi, moshi, manyoya ya wanyama na ya ndege. Nilitaka kumwuliza nimwepushe na majivu kwa kumpeleka wapi, lakini foleni ilikuwa ndefu.

Alipoanza shule akaanza kuomba mbwa. Mtoto wa mhandisi mmoja alikuwa na mbwa aliyekuwa akimsindikiza hadi getini, na wangu alikuwa akisimama kando ya njia kuwatazama wakipita. Hakuwa akicheza mpira na wenzake kwa sababu ya kifua. Alikuwa akikaa kibarazani pembeni ya cherehani yangu, akiokota vipande vya vitambaa na kuvipanga kwa rangi. Nilielewa kwamba hakutaka mbwa hasa. Alitaka mwenzake wa kukaa naye.

Jirani mmoja akasema mpe paka. Mwingine akasema njiwa, wanajilisha wenyewe. Mume wangu akaleta sungura mweupe, akasema sungura ni msafi kuliko watu wengi anaowafahamu. Mtoto alifurahi mpaka jioni. Kesho yake mchana alikuwa zahanati, mabega yakipanda na kushuka, na sungura tukampa jirani, ambaye alimla Jumapili bila kutuficha. Baada ya hapo tukajaribu samaki, perege kutoka kwenye mfereji wa maji ya miwa, tukamweka kwenye beseni. Mtoto alimlisha ugali mpaka maji yakawa kama uji, na perege akafa.

Kobe alitoka kwenye moto. Walikuwa wamechoma kipande cha miwa, na mume wangu, aliyeitwa kutengeneza trekta lililokwama, alimwona akijikokota kutoka kwenye majivu, gamba limeungua upande mmoja. Alimleta nyumbani ndani ya gunia la mbolea. Alimweka sakafuni, tukamsubiri. Baada ya muda mrefu akatoa kichwa, akatutazama kama mtu aliyeamshwa kwa jambo lisilo na maana.

"Hana manyoya," mume wangu akasema.

Mtoto alilala kifudifudi mbele yake, kidevu sakafuni, wakatazamana.

Mtoto alimjengea zizi la matofali mabovu nyuma ya nyumba. Asubuhi kabla ya kwenda shule alikuwa akiinama na kumwambia, "Shikamoo," kisha akijiitikia mwenyewe kwa sauti nzito, "Marahaba." Alimlisha mchicha, matango na maganda ya papai. Kobe alijua sauti ya kisu kikikata papai, alikuwa anakuja kwa mwendo wake, na mtoto alimngoja bila kumharakisha. Nadhani kila mtu aliyemfahamu mwanangu alikuwa akimwambia kimbia au usikimbie. Kobe hakumwambia lolote. Miaka ile kifua chake kilitulia kuliko wakati wowote, na mimi, nikiwa nashona, nilimsikia akizungumza nyuma ya nyumba mambo ambayo hakunisimulia mimi.

Kisha kiwanda kikapata wamiliki wapya, na wafanyakazi wakapunguzwa. Mume wangu alikuwa miongoni mwao. Kota zilikuwa za wafanyakazi, tukapewa muda wa kuhama. Tukapanda mlimani kwao na vitanda viwili, cherehani, na kobe kwenye gunia, mtoto amelipakata njia nzima.

Mama mkwe alikuwa amebaki peke yake kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, na nyumba ya mbao iliyojengwa na babu wa mume wangu. Nilimwamkia, akaitikia. Kisha akalitazama gunia.

"Kuna nini humo?"

"Kobe wa mtoto, mama."

Mtoto alimtoa. Mama mkwe alirudi nyuma hatua moja. "Mnyama asiye na maziwa, asiye na nyama, asiye na sauti," akasema. "Huyu anafanya kazi gani?" Halafu akamgeukia mwanawe na kusema neno kwa Kichagga. Nilikuwa sijui lugha yao, lakini neno moja nilishalijua. Chasaka. Ndivyo wanavyomwita mtu asiye wa mlimani, mtu wa porini. Sikujua kama alikuwa akimsema kobe au mimi.

Mtoto alimjengea kobe zizi jingine la matofali karibu na mparachichi, lakini baridi ya kule ilimwumiza. Miezi ya ukungu alikuwa hatoki ndani ya gamba hata siku nzima. Mtoto alikuwa akimbeba na kumhamisha, kila jua lilipopenya kati ya migomba alimweka hapo, jua likihama naye anamhamisha. Mume wangu alikuwa akiwaona, lakini alikuwa na mambo yake. Kahawa haikuwa na bei, watu walianza kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Fundi wa mitambo kwenye migomba hana la kufungua wala la kufunga. Akawa anashinda kilabuni, kwenye mbege, pombe yao ya ndizi, akizungumzia mashine.

Aliyefanikiwa alikuwa kaka yake. Biashara zilipofunguliwa yeye alianza na mitumba, akavuka mpakani na sukari na mafuta ya kupikia, akafungua duka mjini, akanunua pikapu. Kila Krismasi alipanda mlimani na familia yake, kama wanavyopanda Wachagga wote kutoka popote walipo, na pikapu ikipiga honi kuanzia kona ya kanisa. Mama mkwe alikuwa akibadilisha hata sauti siku hizo.

Krismasi moja shemeji alimkuta kobe amelala juani kwenye uwanja. Mtoto alisimama, akasema, "Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Huyu ni wako?"

"Ndiyo."

Alimwinua kwa mkono mmoja, akampindua, akamgonga gamba kwa vidole kama mtu anayechagua fenesi. Alimtazama upande ulioungua. Kisha akamrudisha chini, akafuta mikono.

"Huyu si mnyama wa kufugwa na mtoto," akaniambia mimi, si mtoto. "Shemeji, mtoto wa kiume anahitaji mbwa. Mbwa anamfundisha mtoto kuamuru."

"Daktari amekataza manyoya, shemeji."

Akacheka. "Madaktari wa kule chini. Huku kuna hewa."

Siku ya pili ya Krismasi tulikwenda misa mimi na mtoto. Mume wangu alisema kichwa kinamwuma. Tuliporudi, zizi la matofali lilikuwa wazi, na kando yake, amefungwa kwa kamba ya katani kwenye mti wa mparachichi, alikuwa mbwa mdogo wa rangi ya udongo, akitikisa mkia.

"Kobe wako ametoka mwenyewe," mama mkwe akamwambia mtoto. "Cha porini hurudi porini. Tazama baba mkubwa alichokuletea."

Mtoto hakumtazama mbwa. Alivua viatu vya kanisani, akashuka kwenye migomba. Alimtafuta chini ya majani makavu, ndani ya mfereji wa maji, kwenye ua wa jirani, hadi kwenye korongo. Nilimfuata. Alikuwa akiita kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Nilibeba kisu na papai, nikakata huku na kule, nikajua ni upumbavu, nikaendelea kukata. Giza lilipoanza kuingia nikamshika mkono tukarudi. Hakulia. Shemeji alikuwa ameshaondoka na pikapu yake.

Nikasema mbwa hawezi kukaa. Nilisema mbele ya mama mkwe na mume wangu, kwa adabu zote nilizokuwa nazo.

"Usimwaibishe kaka yangu," mume wangu akasema.

"Watoto wa huku hawaugui pumu," mama mkwe akasema. "Pumu ni ya miwa."

Nilimwambia mtoto asimguse. Lakini asubuhi mbwa alilia kwa baridi, na mwanangu hakuwa mtu wa kusikia mnyama analia akapita. Nilikwenda kuteka maji, niliporudi nikamkuta ameketi chini ya mparachichi, mbwa mapajani mwake, uso ameuficha kwenye manyoya yake. Ndipo alipolia. Alikuwa amengoja kupata wa kumlilia.

Mchana kifua kikamfunga. Nilishamwona akibanwa mara nyingi, lakini si vile. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Nilimfunga mgongoni kwa kanga ingawa alikuwa mkubwa, miguu yake ikinipiga magotini, nikateremka kwenye njia ya utelezi hadi barabarani, mume wangu nyuma yangu akisema nimpe yeye ambebe. Sikumpa. Lori la ndizi likatuchukua hadi mjini.

Alipona. Walimwekea dawa na hewa, na ilipofika alasiri ya pili akapumua kama mtu. Mume wangu alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, kofia mikononi, na nadhani ile hofu ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Kobe hakutoka," akasema.

Nikamtazama.

"Kaka amemchukua. Kuna watu Arusha wanakusanya kobe, vinyonga, ndege, wanawapeleka Ulaya. Watu wa huko wanawafuga majumbani. Kaka anafahamiana nao." Alikuwa akiizungusha kofia. "Aliniambia akishampeleka, atanitafutia nafasi dukani kwake. Nisimamie stoo."

"Wewe ndiye uliyemtoa zizini?"

"Nilimsaidia kumfunga kwenye gunia." Kisha akasema, "Alikuwa kobe tu. Nilidhani mbwa atamsahaulisha."

Wodi ilikuwa imejaa wagonjwa. Mtoto alikuwa amefumba macho. Nilimfunika shuka. Asubuhi nilipokuwa nikimlisha uji akameza, akaniuliza, "Mama, Ulaya ni baridi kuliko kwa bibi?"

Nikamwambia huko wana nyumba zenye joto. Akafikiri. Akafungua kinywa nimpe uji mwingine.

Nafasi ya dukani haikupatikana. Kwanza tulisubiri Pasaka, kisha mizigo mipya, kisha mume wangu akaacha kuuliza. Mbwa alibaki kwa mama mkwe, akafungwa kwenye mnyororo nyuma ya nyumba kulinda kuku, akawa mkali kama mbwa wote wanaofungwa. Mwanangu alikuwa akizunguka mbali kumkwepa. Baadaye nilichukua cherehani yangu na mtoto, nikapanga chumba mjini, karibu na soko. Mume wangu alikuwa akija na kuondoka. Hatukuachana. Tulizoea tu kukaa mbalimbali, hadi pakawa hapana cha kurudiana.

Mwanangu hakuomba kitu tena. Watu walikuwa wakinisifia, mtoto gani huyu asiyesumbua mama yake. Viatu vikimbana alinyamaza, mpaka nione mwenyewe anavyochechemea.

Mama mkwe alipofariki tulipanda wote kuzika. Mwanangu alikuwa kijana mkubwa sasa, ameajiriwa, amevaa suti aliyoinunua mwenyewe. Shemeji alikuwa amenenepa na kujenga nyumba ya vigae juu ya kihamba, mahali ilipokuwa nyumba ya mbao. Baada ya maziko, watu wakiwa wamekaa kwa vyeo na nyama ikigawanywa, alimwita mwanangu mbele ya wazee.

"Huyu nimemlea," akasema. "Mtoto mdogo, mgonjwa mgonjwa. Mimi ndiye niliyempa mbwa wake wa kwanza. Mwulizeni."

Wazee wakamtazama mwanangu. Mume wangu alitazama chini. Mimi nilikuwa nimesimama na wanawake wenye sinia, na moyo wangu ulikuwa unamwambia aseme. Sema hapa, wakiwa wote, sema kilichokuwa ndani ya gunia.

"Ni kweli," mwanangu akasema. Akainama kidogo. "Asante, baba mkubwa."

Wakampa nyama. Akapokea kwa mikono miwili.

Tulipokuwa tukiteremka kwa miguu kutafuta gari nikashindwa kujizuia. Nikamwuliza kwa nini alimshukuru yule mtu.

"Mama," akasema, "karatasi za kihamba ziko kwake. Nikitaka kujenga nitamwomba yeye. Nikifa nitazikwa pale, kwa ruhusa yake." Alisema bila hasira, kama anayenieleza saa za basi. "Wewe ulitaka nimwambie nini?"

Nilitaka amwambie kila kitu. Lakini mimi wazazi wangu wamelala kwenye makaburi ya kota, kando ya miwa, ambako kila msimu majivu huwaangukia, na sijui hadi leo mimi nitazikwa wapi. Tulisimama barabarani mpaka gari likaja.