Kompyuta Isiyo na Feni

Niliogopa betri kuliko nilivyowahi kuogopa mwizi. Ilikaa pembeni mwa sebule yetu pale Ndalu, imefunikwa kitambaa nilichopewa siku ya harusi, na yeyote aliyeikaribia nilimfokea. Nyaya za stima zilipita barabarani zikielekea kwa wengine. Sisi tulikuwa na sola moja juu ya bati, nayo ilikuwa na kazi mbili: kuendesha kompyuta niliyochapia mitihani ya shule za karibu, na kuendesha mashine ya kumvutisha binti yangu dawa pumu inapomshika.

Kompyuta yenyewe lilikuwa dude la zamani nililolinunua Kitale, lenye feni iliyonguruma kama kinu cha kusagia mahindi. Ukiongea karibu nalo ilibidi upaze sauti.

Julai moja, mahindi yametoa mbelewele na mawingu yametukalia siku tatu mfululizo, nilichapa tangu asubuhi. Saa tisa mchana binti yangu, wakati huo ana miaka saba, akanijia ameshika kifua. Nikachomeka mashine yake. Ikalia kidogo, ikazima. Betri ilikuwa imekwisha, na aliyeimaliza ni mimi, swali baada ya swali, mtihani wa sayansi wa darasa la sita. Tulimkimbiza zahanati kwa bodaboda, nimemkumbatia, midomo yake imegeuka rangi, nami namtukana mwendeshaji kwa kila shimo. Walimpa oksijeni, akapata nafuu.

Tuliporudi nyumbani nilimkalisha kitini. Mimi nikiogopa huwa mkali, na siku hiyo nilikuwa mkali kupita kiasi.

"Ukisikia kifua kinabana, sema mapema," nilimwambia. "Sema kabla sijawasha kompyuta. Nikishawasha stima inaisha, unasikia?"

Akaitikia kwa kichwa.

Mume wangu alitaka niache kuchapa. Nilimuuliza dawa tutanunua na nini, akachukua jembe akaenda shambani. Basi nikaenda Bungoma kwa fundi mmoja wa redio aliyesifika kwa kompyuta ndogo ndogo. Alinionyesha bodi, kompyuta nzima kwenye kibao kimoja kisichozidi upana wa daftari la mwanafunzi.

"Hii inakula stima kidogo tu kama balbu, bana," alisema. "Na haina feni. Unafunga kwa betri moja kwa moja. Lakini mama, ukigeuza hizi waya mbili, nyekundu na nyeusi, umeua bodi. Hailudi."

"Si unifungie wewe?"

"Na ikihalibika huko Ndalu, utanifuata hapa? Funga mwenyewe, mimi naangalia."

Alinifungisha na kunifungulisha mara tatu pale mezani kwake, ndipo akaniruhusu kwenda na ile bodi. Vipande vingine vilichelewa: diski ya laptopu, kijibao cha kumbukumbu ya kompyuta, skrini bapa iliyotumika. Ilinichukua hadi Oktoba kuvipata vyote, na muda huo wote lile dude la zamani liliendelea kunguruma. Nilichapa jicho moja likiwa kwenye mshale wa mita ya betri. Kitu kimoja tu kilinituliza. Binti yangu hakuja tena ameshika kifua nikiwa kazini, nami nilimshukuru Mungu kwamba pumu imempumzisha.

Siku ya kuunganisha nilivua sweta ya nailoni, kwa sababu fundi alisema cheche ya nguo tu inatosha kuharibu kile kijibao cha kumbukumbu. Bodi niliifunga ndani ya bati la biskuti nililolitoboa kwa msumari ili joto lipate pa kutokea. Ikafika zamu ya betri. Niliangalia waya mwekundu mara nne. Niliuachia, nikaomba, nikaushika tena, kisha nikafunga na kubonyeza swichi.

Kimya. Nilijua nimeiua, nikakaa chini sakafuni. Kumbe nilikuwa nimezoea ngurumo tu. Nilipoinua macho, maandishi yalikuwa yanapanda kwenye skrini. Nililia, sioni aibu kusema.

Jumamosi iliyofuata niliwasha mapema, maana mitihani ya mwisho wa mwaka ilikuwa imerundikana. Nje watu walikuwa wanavuna, vumbi la mabua limejaa hewani. Mshale wa mita ulikaa kwenye kijani wala haukutikisika. Kwa mara ya kwanza nikichapa niliweza kusikia nyumba yangu: kuku uani, bati likijinyoosha kwa jua. Halafu nikasikia kitu nyuma ya pazia la chumbani, sauti nyembamba ya kukwaruza, inakuja na kukatika. Nilidhani ni kifaranga kimeingia ndani.

Nilifungua pazia. Binti yangu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, uso ameuzamisha kwenye blanketi, na sauti ilikuwa ya kifua chake.

Sijui nilimfikishaje sebuleni. Nilichomeka mashine, ikaanza kazi huku kompyuta bado inawaka, na mshale ukabaki palepale kwenye kijani. Nilimwekea maski, nikangoja mpaka mabega yake yakaacha kuruka.

"Mbona hukuniita?"

"Si ulikuwa umeshawasha," alisema ndani ya maski.

Nilikumbuka lile dude likinguruma kuanzia Julai, nami nikishukuru.

"Ulifanya hivi mara ngapi?" nilimuuliza.

Alifikiri kidogo, akaanza kuhesabu kwa vidole. Vidole vya mkono mmoja vilipokwisha, akaniomba nimshikie maski ahesabie mkono wa pili.