Kashata Nilizokataa Kuonja

Kosa langu la mwanzo katika kazi hii lilikuwa kukataa kuonja kashata zangu mwenyewe mbele ya watu. Hadi leo nikilikumbuka masikio yanapata moto.

Jirani yetu wa mtaa wa Buyenzi, msichana niliyekua naye, alikuwa anaolewa mtaa wa Cibitoke. Aliniomba nitengeneze keki na zawadi ndogo za wageni wa upande wa mume. Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu na kuharibu sukari ya mama. Basi nilitaka kila kitu kiwe sawasawa. Nilikata kashata za karanga kwa rula, nikazitia kwenye viboksi vyeupe, nikavifunga kwa gundi na utepe. Ila sufuria moja ya sukari iliniungulia. Karanga zilikuwa zimeisha, nikachanganya zilizoungua na nzuri, nikajiambia hakuna atakayejua.

Ukumbini nilisimama karibu na keki nikichunguza midomo ya watu. Hakuna aliyefungua. Mama mmoja alinusa kiboksi, akamnong'oneza mwenzake, akakisukuma mbali. Nikawa na hakika kuna mtu amewaambia habari za ile sufuria. Nikamshuku hata dada yangu, aliyenisaidia kufunga utepe.

Kisha shangazi wa bwana harusi akaniita.

"Ni we umepika hizi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na umefunga we mwenyewe?"

"Ndiyo."

Akanisogezea kiboksi chake. "Basi onja kwanza, mwanangu."

Kwetu anayeleta chakula huanza yeye; hata chupa hufunguliwa mbele ya mnywaji, na kilichokuja kimefungwa hutiliwa shaka. Nilijua hilo tangu utoto. Lakini niliwaza: ikiwa ni mojawapo ya zile zilizoungua, nitakunja uso, na hawa hawanijui. Watadhani ni sumu.

"Apana, Mama. Hiyo ni yako. Nikila, utakosa."

"Nimekubali kukosa."

"Labda leo amefunga," mzee mmoja akasema. Meza nzima ikacheka, kicheko kifupi, na wengine wakaondoa mikono mezani. Nilimwona bibi harusi akitutazama kutoka kwenye kiti chake. Chakula cha kwao kilikuwa kinakataliwa siku yake ya kwanza kwa wakwe, na sababu nilikuwa mimi.

Akainuka, akaja akiburuta gauni. Akararua utepe wa kile kiboksi, akavunja kashata, nusu mdomoni mwake, nusu mkononi mwangu.

"Kula, kaka."

Nikala. Ilikuwa yenyewe, ya ile sufuria.

Alitafuna taratibu, kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Umeunguza, kaka."

Hapo wakacheka kweli. Yule mzee akafungua chake, "nione kama na mi nimepewa makaa," na utepe ukaanza kukatika meza hadi meza. Shangazi aliziacha kashata zilizobaki kwenye kiboksi chake, akachukua kiboksi kingine, akakitia mkobani bila kukifungua. Mpaka leo sijui kama alikula au alitupa.

Siku hizi situmii gundi, na katika kila harusi naonja mimi kwanza, mbele ya wote, kipande anachonichagulia mgeni.